Kuku Mgeni Kambini: Mwongozo wa Mwandishi Anayefuatana na Jeshi

Alfajiri ya tarehe 9 Desemba 1992, makomando wa Marekani walitoka baharini kwenye ufuko wa Mogadishu, nyuso zimepakwa masizi, wakinyata kama watu wanaovamia ngome. Waliowapokea hawakuwa wapiganaji wa mbabe wa vita Mohamed Farah Aidid. Walikuwa wapiga picha, wamejipanga mchangani, taa za televisheni zinawaka, na makomando wakabaki kupepesa macho mbele ya kamera. Waandishi walijua mahali na saa kwa sababu wakubwa wa jeshi lenyewe walikuwa wamewadokeza. Baadaye wakubwa haohao wakanung'unika kwamba taa zile zilihatarisha askari wao.

Miezi saba ikapita. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani zilishambulia nyumba moja mjini humo walimokuwa wamekutana wazee na wafuasi wa Aidid. Waandishi wakaitwa waje waone maafa. Walipofika, umati uliokuwa na uchungu wa maiti zake ukawageukia wao. Dan Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, pamoja na Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia, wote wa shirika la Reuters, na Hansi Krauss, Mjerumani wa shirika la AP, waliuawa kwa mawe na kipigo. Mohamed Shaffi, mpiga picha mwenzao, aliponea chupuchupu. Machoni pa umati ule, kamera na helikopta vilitoka nyumba moja.

Mwandishi anayejiandaa kwenda vitani na aanzie hapo Mogadishu. Jeshi linaweza kumkaribisha, kisha likamlaumu kwa kuitikia karibu, na watu wengine kabisa wakamlipiza kisasi kwa jambo ambalo jeshi limelitenda bila yeye kujua. Hakuna chuo cha uandishi kinachoweza kuifuta hatari hiyo. Kinachowezekana ni kujua mapema nani anataka nini kwake, na kwa nini.

Siri mbili ndani ya sare moja

Kabla ya kuomba kibali, kabla hata ya kutafuta fulana ya kuzuia risasi, mwandishi anahitaji swali moja la kujiuliza kila siku atakapokuwa huko: afande anapokataa kusema, anaficha roho za watu au anaficha aibu? Siri ya roho ni saa ya kuondoka kwa msafara, njia utakayopita, idadi ya askari kwenye kambi ya mpakani, jina la marehemu ambaye mama yake hajaambiwa. Siri ya aibu ni risasi zilizokwisha mapema, onyo lililopuuzwa, raia waliouawa kwa makosa, pesa za chakula cha askari zilizoliwa na watu wasiopigana. Ya kwanza mwandishi ataitunza hata asipoombwa. Ya pili si mzigo wake. Taabu ni kwamba zote mbili huja zimevaa sare ileile na kujiita usalama wa taifa.

Ugomvi huu una umri wa zaidi ya miaka 170. William Howard Russell wa gazeti la The Times la London alikwenda vita vya Crimea mwaka 1854 na kuandika alichokiona: wapanda farasi wa Uingereza wakitumwa kuikabili mizinga ya Warusi pale Balaklava, na askari wakimalizwa na baridi, kipindupindu na uzembe wa wakubwa. Wasomaji walichachamaa, na mapema mwaka 1855 serikali ya Lord Aberdeen ikaanguka. Makamanda nao walilia kwamba Russell anamuuzia adui habari bila kutoza hata senti. Hawakuwa wamekosea kabisa, kwa kuwa baadhi ya barua zake zilieleza mambo ya kambi ambayo Mrusi angefurahi kuyasoma. Februari 1856, vita vikielekea ukingoni, Jenerali Codrington alitoa amri ya kuwakataza waandishi kutangaza mambo yanayomnufaisha adui. Ndani ya amri ile mlikuwa na haki, na mlikuwa na kisasi pia. Amri nyingi zilizofuata zimepikwa kwa viungo hivyohivyo viwili.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi ya askari wa Kenya katika mkoa wa Gedo nchini Somalia. Picha za maiti zikaanza kuzagaa kwenye simu kabla familia nyingi hazijapata taarifa yoyote. Serikali ilionya watu wasizisambaze, na hapo ilikuwa na hoja nzito: hakuna mzazi anayestahili kupata habari ya mwanawe kwenye kundi la WhatsApp. Lakini kivuli cha onyo hilo kikatanda mbali zaidi. Siku chache baadaye mwandishi Yassin Juma alikamatwa kwa aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo, na idadi kamili ya waliokufa haikutangazwa rasmi. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, ndiye aliyetaja hadharani kwamba waliouawa walikaribia 200. Kituo cha CNN nacho kilihesabu wasiopungua 141. Katika tukio moja, siri ya roho ilidumu siku chache. Siri ya aibu ilidumu miaka, na ilijificha nyuma ya ile ya kwanza.

Mwandishi makini huitafuta njia ya katikati. Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, Brian Hanrahan wa BBC alikuwa ndani ya manowari ya Hermes ndege za Harrier zilipokwenda kushambulia. Jeshi lilimkataza kutaja idadi ya ndege. Watu nyumbani walichotaka kujua ni kama zimerudi zote. Hanrahan akasema tu kwamba alizihesabu zikitoka na akazihesabu zikirudi. Jeshi lilibaki na siri yake, msikilizaji akapata ukweli wake, na hakuna aliyedanganywa. Mwezi huohuo kulitokea kinyume chake: Idhaa ya Dunia ya BBC ilitangaza kwamba askari wa miamvuli wanakaribia Goose Green kabla hawajashambulia, na askari wenyewe wakaisikia habari hiyo kwenye redio zao wakiwa wamejificha. Kanali H. Jones, kamanda wao, alifura kwa hasira, na siku iliyofuata akauawa vitani. Habari ile haikuvujishwa na waandishi waliokuwa wakitetemeka kwa baridi pamoja na askari. Ilitoka London. Mara nyingi mdomo uliolegea huwa ule ulio mbali na risasi, na mhariri aliyeketi Nairobi au Dar es Salaam akiwa na haraka ya kuitangulia stesheni jirani ni wa kuogopwa kuliko mwandishi wake aliye porini.

Kabla ya kupanda gari la jeshi

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Anayefuatana na kikosi analala kwenye hema la jeshi, anakula chungu kimoja na askari, na akijeruhiwa atatibiwa na daktari wao. Kamba ipo hata kama ni laini. Busara ni kuipima urefu kabla haijafungwa.

Utaratibu wa kuwaweka waandishi ndani ya vikosi ulipata umaarufu katika uvamizi wa Iraq mwaka 2003, ambapo zaidi ya waandishi 600 walisafiri na majeshi ya Marekani na washirika wake. Haukuja kwa ukarimu. Marekani ilipoivamia Grenada mwaka 1983 waandishi walizuiwa kwa siku mbili za mwanzo, na kelele zilizofuata zililitia jeshi doa. Katika vita vya Ghuba vya 1991 waliwekwa kwenye makundi madogo yaliyosindikizwa kila hatua, hadi baadhi yao wakaamua kujiendea. Bob Simon wa CBS na wenzake walitoka nje ya utaratibu huo, wakakamatwa na askari wa Iraq na kushikiliwa siku 40. Kufikia 2003 pande zote mbili zilikuwa zimechoka, ndipo ukaandikwa mkataba.

Mkataba ule unafaa kusomwa na yeyote anayetaka kujua nini cha kudai. Ulitaja yasiyotangazwa: mahali hasa kikosi kilipo, mipango ya mashambulizi yajayo, idadi kamili ya askari wa vikosi vidogo. Majina ya waliokufa yangesubiri familia zijulishwe au saa 72 zipite. Jambo kubwa zaidi ni kwamba haukuweka afisa wa kukagua kila habari kabla haijatumwa. Anayevunja masharti anaondoshwa, basi. Machi 2003 Geraldo Rivera wa Fox News alichora ramani mchangani mbele ya kamera akionyesha kikosi chake kilipo na kinakoelekea, na muda si mrefu safari yake na kikosi hicho ikaishia hapo. Ukweli usemwe, jeshi halikumwonea.

Kwa hiyo mwandishi anapoalikwa na jeshi lolote, liwe la Kenya, la Tanzania, la Uganda au la Kongo, na aombe masharti kwa maandishi. Wakikosa karatasi, aandike yeye kile walichokubaliana na kukituma kwa msemaji kwa ujumbe wa simu, ili kuwe na tarehe na saa. Aulize nani ataangalia picha kabla hazijatumwa, na je, anaangalia usalama tu au anaangalia pia sifa za jeshi. Aulize zuio la kutangaza litaisha lini, maana zuio lisilo na mwisho ni marufuku iliyovaa kanzu ya adabu. Aulize pia kama anaruhusiwa kuachana na kikosi katikati ya safari, na nani atamrudisha. Swali hilo la mwisho hukera, na hivyo ni zuri.

Akikubali kukaguliwa, amwambie msomaji. Tangu Oktoba 2023 Israel imewazuia waandishi wa nje kuingia Gaza kwa uhuru, isipokuwa kwa safari fupi zinazoongozwa na jeshi lake, na vyombo kadhaa vilivyopanda magari hayo vilitangaza wazi kwamba picha zao zilipitiwa na jeshi kabla ya kuonyeshwa. Sentensi moja ya namna hiyo mwanzoni mwa habari haimpunguzii mwandishi kitu, na msomaji anajua ameketi upande gani wa dirisha.

Liko pia suala la kinachonukuliwa na kisichonukuliwa, na hapo urafiki wa kambini huwaponza wengi. Aprili 2010 mwandishi Michael Hastings alikuwa na Jenerali Stanley McChrystal na wasaidizi wake mjini Paris, kisha majivu ya volkano ya Iceland yakafunga anga na siku zikaongezeka. Vinywaji vikashuka, ndimi zikalegea, viongozi wa Washington wakadhihakiwa. Juni mwaka huo makala ilitoka kwenye Rolling Stone, na jenerali akapoteza ukamanda wa vita vya Afghanistan. Maafisa walidai kwamba mengi yalisemwa kirafiki. Baadhi ya waandishi waliozoeana na majenerali walimlaumu Hastings kwa kuharibu biashara, lawama iliyofichua mengi kuhusu hao waliolaumu. Mwandishi asiyetaka fitina hiyo aseme mwanzoni, mbele ya mashahidi, kwamba daftari likiwa wazi kila neno ni la kunukuliwa, na likifungwa wamwambie kabla ya kusema.

Sheria za nyumbani nazo hazifai kupuuzwa. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Kenya ina sheria yake ya siri za serikali, na Desemba 2014 Bunge liliongeza vifungu vya kuwabana wanaotangaza habari za ugaidi. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vilivyowagusa waandishi Februari 2015. Uganda ilionyesha mapema jinsi mambo yanavyoweza kwenda kasi: Oktoba 2002 gazeti la The Monitor lilichapisha habari ya helikopta ya jeshi kuanguka kaskazini, askari na polisi wakalivamia, likafungwa kwa siku kadhaa, na watu wake wakafikishwa mahakamani. Chumba cha habari kinachomtuma mtu vitani bila wakili wa kupigiwa simu saa nane usiku kinamtuma nusu.

Nguo, kadi na simu

Sheria ya vita inamtambua mwandishi kwa njia mbili, na wengi huzichanganya. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unamhusu mwandishi aliyeidhinishwa kufuatana na jeshi na kupewa kitambulisho chake: akikamatwa anahesabiwa mateka wa vita, mwenye haki zote za mateka. Itifaki ya Kwanza ya 1977, kifungu cha 79, inasema mwandishi aliye kazini katika eneo la hatari ni raia, na alindwe kama raia, mradi asifanye jambo linalokiuka uraia huo. Maana yake kwa lugha ya barabarani: asibebe bunduki, hata ya kumshikia mwenzake anayefunga kamba za viatu. Asivae kombati. Asikubali kutumwa kupeleleza, hata akibembelezwa na afisa aliyempa chai.

Maandishi ya PRESS kifuani husaidia, lakini si ukuta. Tarehe 8 Aprili 2003 kifaru cha Marekani kilifyatua kombora kwenye hoteli ya Palestine mjini Baghdad, iliyojulikana kuwa makao ya waandishi, likawaua Taras Protsyuk wa Reuters na José Couso wa televisheni ya Hispania. Siku hiyohiyo Tareq Ayyoub wa Al Jazeera aliuawa kwa shambulio la ndege kwenye ofisi ambayo kituo chake kilikuwa kimeliarifu jeshi la Marekani mahali ilipo. Mwandishi Shireen Abu Akleh alikuwa amevaa fulana yenye maandishi hayo alipouawa kwa risasi Jenin, Mei 2022. Kuwapa majeshi yote mahali ofisi au gari lilipo bado ni jambo la busara, ila mwandishi asilale usingizi mzito kwa sababu ametuma barua.

Kadi ya jeshi ina sumu yake pia. Goma ilibadilika mikono Novemba 2012, kisha tena mwishoni mwa Januari 2025, mara zote mbili kwa kundi la waasi la M23. Karatasi yenye muhuri wa FARDC, jeshi la Kongo, iliyomfungulia mwandishi vizuizi vya barabarani asubuhi ingeweza kumletea maswali mengine jioni. Naye anayewahoji wapiganaji wa upande wa pili hasalimiki na serikali: Januari 2025 serikali ya Kinshasa iliwanyang'anya vibali waandishi wa Al Jazeera baada ya kituo hicho kumhoji Bertrand Bisimwa, kiongozi wa M23. Inafaa kuhifadhi nakala za vibali mahali salama mtandaoni, na kujua karatasi ipi ni ya kuchana kabla ya kizuizi kipi.

Simu ndiyo iliyokuwa rahisi kusahauliwa zamani, na sasa haisameheki. Marie Colvin wa The Sunday Times na mpiga picha Mfaransa Rémi Ochlik waliuawa kwa makombora mjini Homs, Syria, tarehe 22 Februari 2012, baada ya Colvin kuzungumza na televisheni za nje usiku wa kuamkia siku hiyo. Kesi iliyofunguliwa Marekani ilieleza kwamba majeshi ya Syria yalitafuta mahali walipo kwa kufuatilia mawasiliano, na Januari 2019 mahakama ikaihukumu Syria kulipa dola milioni 302. Kwa hiyo anayerusha matangazo ahame mara amalizapo, asirushe kutoka anapolala. Picha nazo hubeba ndani yake kumbukumbu ya mahali zilipopigwa. Mwaka 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya tajiri wa programu za kompyuta John McAfee aliyekuwa mafichoni, na data iliyoachwa ndani ya picha ikaonyesha yuko Guatemala. Huko ilikuwa kichekesho. Kwenye kambi ya mpakani ingekuwa matanga.

Kumsikiliza msemaji

Kila jeshi lina msemaji, na si haki kumchukulia kuwa mwongo kwa kuzaliwa. Ana kazi ngumu: anaambiwa machache, anatakiwa aseme mapema, na akikosea hafichwi na mtu. Mwandishi amheshimu, ampigie simu kabla ya kuchapa, ampe nafasi ya kujibu. Kisha ahesabu.

Kuhesabu ndiko kunakofichua. Machi 1968 jeshi la Marekani lilitangaza ushindi katika kijiji kimoja cha Vietnam Kusini: maadui 128 wameuawa, silaha 3 zimekamatwa. Magazeti yalichapa hivyohivyo. Watu 128 kwa bunduki 3! Aliyesimama kidogo kwenye tarakimu hizo angeuliza wengine walikuwa wakipigana kwa kitu gani, kwa mikono? Kijiji hicho ni My Lai, na waliouawa walikuwa raia, wanawake, watoto na wazee, mamia yao. Ukweli ulitoka Novemba 1969 kwa kazi ya Seymour Hersh, mwandishi aliyekuwa mbali na Saigon, ambako wenzake walikuwa wakihudhuria mkutano wa kila jioni wa jeshi na kuucheka kama mchezo wa kuigiza. Picha zilitolewa na Ronald Haeberle, mpiga picha wa jeshi lenyewe. Kamera ya jeshi aliyobeba ilikuwa na filamu nyeusi na nyeupe. Alikuwa na kamera yake binafsi ya rangi, na hiyo ndiyo iliyosema.

Wakati wa Operesheni Linda Nchi, iliyoanza Oktoba 2011, jeshi la Kenya lilikuwa na Meja Emmanuel Chirchir, msemaji aliyegundua Twitter kabla ya wenzake wengi barani. Aliwaonya watu kuhusu punda: mikusanyiko mikubwa ya punda wenye mizigo ingehesabiwa kuwa shughuli za Al-Shabaab. Alitaja miji kumi itakayoshambuliwa, na ndani ya orodha hiyo Baidoa ilitokea mara mbili, mara ya pili kwa jina lake la Kisomali, Baydhabo. Januari 2012 aliweka picha za mtu aliyepigwa mawe akisema ni mambo ya Al-Shabaab ya siku hizohizo. Watumiaji wa mtandao wakagundua kwamba zilipigwa mwaka 2009. Hakuna aliyehitaji kwenda Somalia kujua hilo. Ilitosha kuitafuta picha kwenye injini ya kutafutia picha, dakika mbili tu, na kufungua ramani kwa dakika nyingine mbili. Mwandishi na afanye hivyo kabla ya kunukuu, kisha ampigie msemaji kumuuliza kwa upole. Akikiri kosa, aandikwe kwamba amekiri. Hilo humjengea sifa, na kesho atapokea simu.

Ushahidi mzuri mara nyingi hauko kwa msemaji wala kwa adui wake. Baada ya shambulio la jengo la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, kamera za ulinzi zilionyesha askari wakitoka dukani na mifuko. Mkuu wa majeshi alisema walichukua maji. Mohammed Ali na John-Allan Namu wa KTN walizitangaza picha hizo, mkuu wa polisi akatishia kuwachukulia hatua, na mwishowe jeshi lenyewe likatangaza kuwaadhibu askari wawili. Kamera isiyo na chama ilimaliza ubishi. Vivyo hivyo, ambako idadi ya waliokufa haitangazwi, kuna mazishi, kuna wodi za hospitali, kuna orodha za wajane wanaofuatilia malipo. Huko mwandishi aende taratibu, bila kamera mara ya kwanza.

Jambo jingine linalosahaulika kwa urahisi ni mateka. Majeshi ya kanda yetu hupenda kuwapanga wafungwa mstari mmoja mbele ya waandishi, baadhi yao watoto, na kuwaambia waseme wametumwa na nani. Mkataba wa Tatu wa Geneva unataka mateka walindwe dhidi ya udadisi wa watu. Mwandishi anaweza kwenda, akaandika kilichosemwa na mazingira yake, akafunika nyuso. Maneno ya mtu aliyesimamiwa na bunduki yaelezwe hivyo, kwamba yalisemwa chini ya bunduki.

Wanaobaki msafara ukiondoka

Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vinaonyesha tofauti ya kuwa na mwenyeji na kutokuwa naye. Kwa sehemu kubwa ya vita hivyo Tanzania haikuwapeleka waandishi wa nje mstari wa mbele. Tony Avirgan na Martha Honey, Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, walipata nafasi ya kuyafuata majeshi, na kitabu chao cha 1982 kuhusu vita hivyo bado kinasomwa. Kwa Kiswahili, Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin. Aprili 1979, siku chache kabla Kampala haijaanguka, waandishi wanne wa Ulaya, Waswidi wawili na Wajerumani wawili, walivuka Ziwa Viktoria kwa mashua kutoka Kenya ili wawahi habari. Askari wa Amin waliwaua walipofika nchi kavu.

Anayekuja na kuondoka, hata hivyo, ana bahati kuliko anayeishi hapo. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle, hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za Kongo, Kiswahili kikiwemo, na watangazaji wake hununua mihogo sokoni kwenye mji uleule wanaouripoti. Serge Maheshe aliuawa Bukavu Juni 2007; Didace Namujimbo, mwenzake wa redio hiyohiyo, Novemba 2008. Mgeni anayewachukua wenyeji kama wakalimani, madereva na wafungua milango aelewe kwamba kila jina la kanali atakaloliandika kwa ukali litasomwa wakati yeye yuko nyumbani na dereva wake yuko palepale.

Septemba 2009 Stephen Farrell wa The New York Times na mkalimani wake Mwafghani, Sultan Munadi, yeye mwenyewe mwandishi, walitekwa na Taliban karibu na Kunduz. Makomando wa Uingereza waliingia usiku kuwaokoa. Farrell alitoka hai. Munadi alipigwa risasi akijaribu kutoka, na makomando waliondoka bila mwili wake. Jamaa zake ndio waliokwenda kuuchukua. Kwa hiyo, kabla ya gari kuwashwa, kwenye daftari la mhariri kuwe na jina kamili la dereva na la mkalimani, namba ya simu ya mke, mume au kaka yao, aina ya damu yao, na karatasi ya bima yenye majina yao wote. Iandikwe pia nani atakwenda kwao, na kwa usafiri gani, ikiwa simu haitapokelewa hadi jioni.